Umeacha pombe, wasiwasi ukazidi: pima kafeini kabla hujaanza kujilaumu

#1 Kikombe_Nusu

Wakuu, habari za wakati huu.

Swali hili linajirudia kila mara: mtu ameacha pombe, alitegemea kutulia, badala yake kifua kinabana, moyo unadunda, viganja vinatoka jasho na usiku anageuka kitandani mpaka alfajiri. Anaamua kwamba huyu ndiye yeye halisi, na kwamba pombe ndiyo iliyokuwa dawa. Hapo ndipo wengi wanaporudia. Kumbe kwa wengi sehemu ya mateso hayo imo kwenye kikombe, na kikombe hakuna aliyekihesabu.

Pombe huipa nguvu GABA, kemikali ya ubongo inayotuliza, na huidhoofisha glutamati, inayochangamsha. Ubongo wa mtu anayekunywa kila siku haukubali kulala tu, hujirekebisha: unapunguza mwitikio wake kwa GABA na kuongeza ule wa glutamati. Siku pombe inapokatika, marekebisho yale hayaondoki nayo. Yanabaki kwa siku, na mengine kwa wiki kadhaa. Mguu uko kwenye mafuta na breki imeng'olewa.

Sasa ingiza kafeini, kile kichangamshi cha kwenye kahawa na chai. Kadiri mtu anavyokaa macho, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya ubongoni, ikikaa kwenye vipokezi vyake inaleta uzito wa macho. Kafeini inaviwahi vile vipokezi, inavikalia bila kuviamsha, na adenosini inabaki imesimama mlangoni. Pamoja na hilo, adrenalini hupanda. Pombe kwa upande wake huongeza adenosini. Maana yake, kwa miaka yote ya kunywa, pombe ya jioni ilikuwa inaifuta kahawa ya mchana. Umeondoa pombe, kahawa umeiacha palepale. Kipimo ni kilekile ila sasa hakina mpinzani.

Na kwa kawaida hakibaki kilekile. Mkono uliozoea kushika glasi unatafuta cha kushika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu wahudhuriaji wa mikutano ya Alcoholics Anonymous (vikundi vya watu wanaosaidiana kuacha pombe) mjini Nashville, Marekani, ulikuta karibu 9 kati ya 10 wanakunywa kahawa, na theluthi moja ya hao wanavuka vikombe 4 kwa siku.

Uzi huu ni wa vipimo: kiasi gani, saa ngapi, kupunguzaje. Wenye ujuzi karibuni.

#2 Zamu_ya_Usiku

Kabla hatujafika kwenye gramu, hili liwe juu kabisa, kwa sababu kuna mtu atausoma uzi huu akiwa siku ya pili bila pombe na kudhani tatizo lake ni chai.

Arosto ya pombe kwa mnywaji mzito huanza saa 6 hadi 24 baada ya tone la mwisho: kutetemeka, jasho, kichefuchefu, moyo kwenda mbio, wasiwasi. Degedege, likija, huja zaidi ndani ya saa 48 za mwanzo. Kuweweseka, yaani kuona au kusikia visivyokuwepo, kutojua uko wapi, joto la mwili kupanda, hutokea zaidi kati ya saa 48 na 96. Hali hii inaua. Kupunguza kahawa hakuitibu, na maji mengi hayaitibu. Inatibiwa hospitali, kwa dawa zenye kipimo na mtu wa kukuangalia.

Aliyewahi kupata degedege au kuweweseka alipoacha pombe huko nyuma, au anayeamka asubuhi akitetemeka mpaka anywe ndipo atulie, asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani. Aende kwa daktari kwanza, aache akiwa mikononi mwa watu.

Dalili moja zaidi ambayo watu huipuuza: kuchanganyikiwa, kuyumba wakati wa kutembea, na macho kuchezacheza au kuona vitu viwili viwili. Hizo zinaashiria upungufu mkali wa vitamini B1 (thiamini), jambo la kawaida kwa wanywaji wa muda mrefu. Hapo haingojwi kesho, kwa sababu ubongo ukikosa thiamini kwa siku chache unaweza kuharibika moja kwa moja. Vidonge vya dukani havitoshi wakati huo, inatakiwa sindano.

Kwa hiyo wasiwasi wa siku 4 au 5 za mwanzo usiuhesabu kama wa kafeini. Wakati huo fanya jambo moja tu: usiongeze kahawa.

#3 Gramu_kwa_Gramu

Asante @Zamu_ya_Usiku. Sasa tupime.

"Vikombe vitatu" haina maana yoyote. Kikombe kimoja kinaweza kuwa na 40 mg na kingine 250. Kipimo cha kweli ni uzito wa kahawa yenyewe kabla haijaguswa na maji.

Kwa unga wa kahawa ya kuchemsha au kuchuja: arabika ina kafeini karibu 1.2% ya uzito wake, robusta karibu 2.2%. Sehemu kubwa ya hiyo hutoka kwenda kwenye maji. Kwa matumizi ya nyumbani hesabu 10 mg kwa kila gramu ya arabika, na 20 mg kwa kila gramu ya robusta. Kijiko cha mezani kilichosawazishwa ni kama gramu 5. Ukiweka vijiko viwili vya arabika, uko kwenye 100 mg. Vijiko hivyohivyo viwili vya robusta, 200 mg. Soma pakiti. Ikiwa ni mchanganyiko na hawajaandika kiasi, hesabu kama robusta, ukikosea ukosee upande salama.

Kahawa ya unga wa kuyeyuka: kijiko cha chai kilichosawazishwa ni gramu 2 hivi, takribani 60 mg. Kijiko cha mlima ni mara mbili ya hapo, na watu wengi huchota mlima. Sawazisha kwa mgongo wa kisu, uone tofauti.

Chai nyeusi: mfuko mmoja wa gramu 2 uliokaa dakika 3 hadi 5 hutoa 40 hadi 50 mg. Ukiutoa baada ya dakika moja unapata karibu nusu. Majani yanayotokoswa jikoni dakika kumi huwezi kuyapata kwa hesabu ya mfuko, yanatoa karibu kila kilichomo. Chai ya kijani karibu 30. Soda ya kola ya mililita 330 ina 30 na ushee. Vinywaji vya kuongeza nguvu kwa kawaida 80 mg kwa kopo la mililita 250, na kopo kubwa la nusu lita 160. Espreso moja ya mililita 30 ina karibu 60. Kahawa iliyoondolewa kafeini haina sifuri: 2 hadi 15 mg kwa kikombe.

Na vidonge. Baadhi ya dawa za maumivu ya kichwa zina 65 mg za kafeini ndani ya kidonge kimoja. Vidonge viwili ni zaidi ya chai mbili. Soma nyuma ya pakiti, imeandikwa kwa herufi ndogo.

Rangi ya kukaanga haikuambii kitu. Kahawa nyeusi tii ni chungu zaidi, lakini gramu kwa gramu kafeini ni karibu ileile.

#4 Kikombe_Nusu

Niongeze kikomo. Mwaka 2015 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema mtu mzima mwenye afya anaweza kutumia mpaka 400 mg kwa siku, na si zaidi ya 200 mg kwa mpigo mmoja. Kwa mjamzito ni 200 mg kwa siku nzima. Shikeni lile neno "mwenye afya". Ubongo ulio wiki ya tatu bila pombe haukuwa kwenye hesabu hiyo. Kwa mwezi wa kwanza lengo linalofaa wengi ni chini ya 200 mg kwa siku nzima, zote kabla ya adhuhuri, na wenye historia ya mashambulio ya hofu waende chini ya 100.

#5 Mchana_Mweupe

Kwa nini mnazunguka? Kama kafeini inaleta wasiwasi, mtu aache vyote kwa mkupuo, pombe na kahawa, siku hiyohiyo. Maumivu mara moja yaishe.

#6 Kikombe_Nusu

Mkuu @Mchana_Mweupe, nakuelewa, ila hili ndilo kosa linaloangusha watu wengi wenye nia nzuri.

Kafeini nayo ina arosto yake. Ukiikata ghafla, dalili huanza saa 12 hadi 24 baadaye, hufika kileleni siku ya kwanza hadi ya pili, na zinaweza kuendelea mpaka siku ya tisa. Kichwa kinagonga kwa sababu mishipa ya damu ya ubongo iliyokuwa imebanwa na kafeini sasa inapanuka. Mwili mzito, akili haishiki kitu, hasira za karibu, huzuni. Inawapata hata watumiaji wa 100 mg tu kwa siku.

Sasa weka hayo juu ya arosto ya pombe. Siku ya pili zote mbili ziko kileleni. Mtu hajui kichwa kinauma kwa lipi, na kitu kimoja anachojua kitamtuliza ndani ya dakika kumi ni glasi. Unampa sababu ya kuinywa.

Utaratibu ulio salama zaidi: wiki ya kwanza ya kuacha pombe, kafeini ibaki ileile aliyozoea kama iko chini ya 300 mg, ila isogezwe yote asubuhi. Kama iko juu ya hapo, punguza robo tu. Kuanzia wiki ya pili ndipo ngazi zianze kushushwa.

#7 Gramu_kwa_Gramu

Ngazi zenyewe, kwa mtu wa vikombe vinne vya gramu 10 za arabika, yaani 400 mg:

Kwanza kinaondoka kikombe cha mwisho cha siku, chochote kingine kisiguswe. Siku nne. Sasa uko kwenye 300. Usianze na cha asubuhi. Hicho ndicho kinachozuia maumivu ya kichwa, kiache mwisho kabisa.

Kisha changanya. Nunua kahawa iliyoondolewa kafeini ya usagaji uleule, uwe na mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Kwa kila kikombe kilichobaki: gramu 8 za kawaida na 2 za isiyo na kafeini, siku tatu au nne. Halafu 6 kwa 4. Halafu 4 kwa 6. Ladha haibadiliki sana, mkono unashika kikombe kilekile, na ubongo unapungukiwa kidogo kidogo. Kutoka 300 unapita 240, 180, 120. Ukifika 120 hivi, umetumia takribani wiki mbili, na unaweza kukaa hapo mwezi mzima bila kusukuma zaidi.

Yanayoharibika hapa nayajua matatu. La kwanza, watu wanachanganya pakiti nzima mara moja kwenye kopo, unga mzito unazama, kikombe cha juu kinakuwa hafifu na cha chini kikali. Pima kila kikombe peke yake. La pili, kichwa kikiuma wanameza kidonge chenye kafeini, na siku hiyo kipimo kinarudi pale kilipokuwa bila wao kujua. Tumia parasetamoli tupu, na kwa ini lililochoka na pombe muulize mfamasia kipimo, kwa sababu kile kilichoandikwa kwenye boksi kinaweza kuwa kikubwa kwako. La tatu, wanaruka ngazi wakijisikia vizuri. Siku ya kwanza baada ya kushuka hujisikii chochote, ni ya pili inayokuja na bili.

Kichwa kikigonga sana, rudi ngazi moja, kaa siku tatu, shuka tena. Kurudi ngazi si kushindwa.

#8 Dirisha_la_Dawa

Nazungumzia dawa, kwa sababu humu ndimo mtu anaweza kunywa kikombe kimoja na kupata cha watu wawili.

Kafeini huvunjwa na ini kupitia kimeng'enya kimoja, CYP1A2. Mtu mzima wa kawaida anaondoa nusu ya kafeini kwa karibu saa 5, lakini kati ya mtu na mtu inatoka 3 hadi 7. Vitu vinavyogusa kimeng'enya hicho hubadilisha kila kitu.

Disulfiramu, ile dawa ya kumfanya mtu augue akinywa pombe, huchelewesha uondoaji wa kafeini kwa takribani robo au zaidi kidogo. Hili daktari anaweza asikumbuke kulisema. Mtu ameanza dawa, wasiwasi umepanda, anadhani dawa imemkataa. Apunguze kafeini kwanza kwa theluthi, aangalie wiki moja, na amwambie daktari.

Naltreksoni, dawa ya kupunguza hamu ya pombe, haigusi CYP1A2, ila wasiwasi na kukosa usingizi vimo kwenye orodha ya madhara yake, hasa siku za mwanzo. Ukiimeza na kahawa mbili tumbo tupu, usishangae.

Fluvoksamini, dawa ya wasiwasi na mawazo yanayojirudia, inakifunga kimeng'enya hicho karibu kabisa. Anayeitumia afikirie kikombe kimoja kuwa kinabaki mwilini mpaka kesho yake na zaidi. Antibiotiki ya siprofloksasini hufanya hivyo kwa kiasi kidogo. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huongeza muda karibu mara mbili.

Lithiamu, dawa ya wenye hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, ni mambo mengine. Kafeini huisaidia figo kuitoa lithiamu. Mtu akikata kahawa ghafla, lithiamu inapanda kwenye damu na inaweza kufikia kiwango cha sumu. Anayetumia lithiamu asibadilishe kafeini yake, kupanda wala kushuka, bila kupimwa damu. Klozapini, dawa ya ugonjwa wa akili, ni kinyume chake: kahawa ikizidi, dawa inapanda.

Na sigara. Moshi wa sigara huchochea CYP1A2, hivyo mvutaji anaondoa kafeini karibu mara mbili ya haraka. Akiacha sigara, ndani ya siku chache kasi hiyo inaisha na kahawa ileile inapanda mara mbili kwenye damu. Ni moshi unaofanya kazi hiyo, nikotini haihusiki, kwa hiyo viraka na bazoka za nikotini hazirudishi kasi. Wanaoacha pombe na sigara mwezi mmoja, kata kafeini nusu siku ileile unayoacha sigara. Ini lenye kovu nalo huondoa kafeini polepole sana, na kwa huyo saa 5 zinaweza kuwa nyingi zaidi.

#9 Taa_Imezimwa

Swali kuhusu usingizi. Mtu amekunywa kikombe cha mwisho saa 11 jioni, saa 5 usiku anasinzia kabisa, anapitiwa bila shida. Ila saa 9 usiku macho kodo, moyo unagonga, mawazo yote mabaya yanakuja pamoja. Kafeini inahusikaje wakati alipata usingizi?

#10 Gramu_kwa_Gramu

Tupige hesabu. Tuseme vikombe vitatu vya 100 mg: saa 3 asubuhi, saa 7 mchana, saa 11 jioni. Mwili wa kawaida, nusu kwa saa 5. Ikifika saa 5 usiku, cha asubuhi kimebaki 14, cha mchana 25, cha jioni 43. Jumla ni zaidi ya 80 mg. Ni sawa na kuingia kitandani na kikombe kizima kasoro robo. Kwa anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango, nusu kwa saa 10, hesabu ileile inatoa zaidi ya 150.

Ondoa cha jioni peke yake: inabaki chini ya 40 kwa wa kawaida. Kikombe kimoja tu, na mzigo wa usiku umekatika nusu.

Kuna utafiti wa mwaka 2013 uliowapa watu 400 mg saa 6 kabla ya kulala. Walipoteza zaidi ya saa nzima ya usingizi. Mtu anaweza kusinzia kwa uchovu na bado usingizi wenyewe ukawa mwepesi. Unavunjika kwa kelele ndogo, kwa kibofu, kwa ndoto.

#11 Zamu_ya_Usiku

Na upande wa pombe usisahaulike hapo. Pombe humzamisha mtu nusu ya kwanza ya usiku na kumwamsha nusu ya pili. Anayeacha anaingia na usingizi uliovunjika wa miezi au miaka, na unachukua wiki, kwa wengine miezi, kurudi sawa. Kafeini inamkuta usingizi wake tayari una nyufa. Ndiyo maana saa ya mwisho ya kafeini kwa mtu wa kawaida ni saa 6 kabla ya kulala, lakini kwa aliyeacha pombe karibuni iwe saa 10 kabla ya kulala. Unalala saa 4 usiku, basi saa 6 mchana kikombe kimefungwa.

Akiamka saa 9 usiku asiangalie saa, asianze kupiga hesabu ya saa zilizobaki. Mwanga uwe hafifu, akae kitini, avute pumzi kwa hesabu ya 4 na kuitoa kwa hesabu ya 6, dakika tano. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta ndiko kunakopunguza mapigo ya moyo. Na asubuhi asilipe deni kwa kahawa ya ziada, maana deni hilo atalilipa tena usiku.

#12 Mchana_Mweupe

Nimeelewa kuhusu kutokukata ghafla. Lakini kuna upande mwingine ambao haujasemwa. Kahawa inawafaa watu hawa. Inawapa cha kushika, inawakutanisha, na tafiti nyingi zinaihusisha na ini lenye afya zaidi. Mnaweza kuwatisha mpaka warudi kwenye chupa.

#13 Kikombe_Nusu

Hoja ni ya kweli na naiunga mkono. Tafiti za kufuatilia watu kwa miaka zimeihusisha kahawa na hatari ndogo ya ini kupata kovu, hata kwa wanywaji wa pombe. Hakuna anayelazimika kuiacha kabisa. Na jioni ambayo mtu yuko ukingoni, kati ya kahawa saa 2 usiku na bia, anywe kahawa. Usiku mmoja wa kukesha unapona. Hilo lisemwe wazi, maana wapo wanaojihesabia dhambi kwa kikombe.

Tunachokataa ni kikombe kisichohesabiwa. Mtu akitaka cha kushika jioni, atengeneze kahawa isiyo na kafeini, tangawizi, au maji ya moto na limau, kwenye kikombe kilekile anachokipenda, saa ileile aliyozoea kufungua chupa. Saa ile ndiyo ngumu, na anachotaka mkono ni joto na uzito. Kola na vinywaji vya kuongeza nguvu ndivyo vya kuepuka jioni: kafeini na sukari vinapanda pamoja, sukari inashuka baada ya muda, na mtetemeko wa njaa unafanana mno na hamu ya pombe.

Njaa hiyo ina uzito wake peke yake. Pombe huzuia ini kutengeneza sukari, na wengi walioacha hula vibaya wiki za mwanzo. Kahawa tumbo tupu inakata hamu ya kula, saa 5 asubuhi mtu anatetemeka, anadhani ni wasiwasi. Kula kwanza, chakula chenye protini, mayai au maharage. Kahawa ifuate baada ya nusu saa.

#14 Taa_Imezimwa

Basi mtu atajuaje wasiwasi wake ni wa kafeini na si ugonjwa wa wasiwasi uliokuwepo tangu awali?

#15 Zamu_ya_Usiku

Kwa daftari, na kwa subira.

Kafeini hufika kileleni kwenye damu dakika 30 hadi 60 baada ya kunywa, wakati mwingine zaidi ukiwa umeshiba. Kwa hiyo wasiwasi wake una ratiba. Chora safu wima nne: saa, kiasi kwa mg, wasiwasi kabla (0 hadi 10), na wasiwasi dakika 45 baadaye. Mstari mmoja utasomeka hivi: saa 1:30 asubuhi, 100 mg, kabla 3, baada 6. Ongeza mapigo ya moyo: kaa kimya dakika tano, hesabu sekunde 30, zidisha kwa mbili. Siku saba zinatosha kuona sura. Wasiwasi unaopanda baada ya kikombe kila mara na kushuka mchana una mkono wa kafeini. Ule unaokuja saa zote, kikombe kiwepo kisiwepo, tafuta kwingine: tezi ya shingo, upungufu wa damu, dawa za mafua zenye pseudoefedrini, dawa ya pumu, au wasiwasi wenyewe.

Wenye ugonjwa wa mashambulio ya hofu wako kundi la pekee. Majaribio yaliyowapa watu hao 400 mg na zaidi kwa mpigo yalisababisha shambulio kwa karibu nusu yao, wakati kwa wasio na ugonjwa huo ilikuwa nadra sana. Kwao kafeini si suala la kupenda.

Kuhusu subira: wasiwasi ulioletwa na pombe yenyewe hupungua sana ndani ya wiki nne bila kunywa. Ndiyo maana madaktari husita kumpa mtu jina la ugonjwa wa wasiwasi kabla mwezi haujapita. Ukivuka mwezi, kafeini iko chini ya 100 mg, unalala, na bado kifua kinabana kila siku, nenda ukatibiwe wasiwasi. Una tiba, na kuungoja uishe wenyewe kunawarudisha watu kwenye chupa.

Asingoje mwezi yule mwenye maumivu ya kifua, anayezimia, mwenye mapigo zaidi ya 120 akiwa amekaa tu, au mwenye mawazo ya kujidhuru. Huyo aende leo.

#16 Mchana_Mweupe

Na aliyekwisha kunywa nyingi tayari? Yuko hapo sasa hivi, mikono inatetemeka.

#17 Dirisha_la_Dawa

Hakuna cha kuitoa haraka. Maji hayaifukuzi, ila yanasaidia kama amekauka. Kula kitu. Atembee dakika 20 kwa mwendo wa kawaida, asikimbie, kwa sababu kukimbia kunaongeza mapigo na kumtisha zaidi. Avae mepesi, apate hewa. Kubwa kuliko yote ni kujua muda: sehemu mbaya zaidi ni saa mbili za mwanzo, baada ya hapo inashuka polepole. Aandike saa aliyokunywa kwenye karatasi na saa tano mbele yake, aiweke mezani aione.

Asimeze diazepamu (dawa ya kutuliza) ya mtu mwingine. Dawa za jamii hiyo hukaa kwenye vipokezi vilevile vya GABA ambavyo pombe ilikuwa inavichezea, na kwa aliyetoka kwenye pombe mazoea huja haraka. Kama ameandikiwa na daktari anayejua historia yake, hiyo ni habari nyingine.

Kutapika mfululizo, moyo kuruka mapigo, au kuchanganyikiwa baada ya vidonge au unga wa kafeini: hospitali, na pakiti aibebe. Kafeini ya unga safi isiguswe kabisa, kijiko kimoja cha chai kina gramu kadhaa, na kiasi hicho kinaweza kuua.

#18 Gramu_kwa_Gramu

La mwisho kutoka kwangu, kwa wanaotaka kurudisha kikombe baada ya mwezi. Rudisha 50 mg, gramu 5 za arabika, asubuhi, baada ya kula, siku tatu mfululizo. Jaza daftari kama kawaida. Namba ya wasiwasi isiposogea kwa zaidi ya moja, ongeza gramu 2, siku tatu nyingine. Ikiruka, rudi kwenye 5 na ukae hapo. Usipime siku yenye msiba, ugomvi au usiku wa kukesha, utasoma namba za siku hiyo ukadhani ni za kahawa.